Jani la Mbuni Katika Kitabu cha Nyimbo

Mimi naosha vyombo. Nasema mapema msije mkadhani anayewasimulia ni msomi. Katika maabara yetu ya Tunduma, ghorofani juu ya duka la matairi, kazi yangu ni kuosha vinu na chupa, kupika jeli, kufuta meza kwa spiriti, na kuwatuliza madereva wanaopanda ngazi kuulizia majibu ya vipimo vya mahindi yao huku malori yamejipanga barabara nzima kusubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia. Naitwa Mwanamvita. Nilizaliwa Tanga, nikaletwa huku na mume, naye huyo mume siku ishirini za mwezi yuko njia ya Lubumbashi. Elimu yangu ni ndogo ila kumbukumbu yangu ni nzuri, hasa ya mtu aliyenikosea. Ndiyo maana nilielewana na Tukuswiga tangu wiki ya kwanza.

Tukuswiga ni mtaalamu wa maabara, binti wa Mbozi, ana miaka ishirini na minane na mwili wa mtoto wa darasa la saba. Haongei ovyo. Anaandika kwenye vifuniko vya vichupa kwa herufi ndogo ambazo mimi nazisoma kwa kukunja uso. Akishika pipeti mkono hautetemeki, hata dereva agonge mlango kwa teke. Kwenye droo yake kulikuwa na kitabu cha nyimbo za kanisani kilichofungwa kwa mpira, na kwa kuwa sikuwahi kumsikia akiimba, nikawa namtania kwamba amemfungia Mungu kwenye droo. Siku moja alichoka na utani wangu, akakifungua mbele yangu. Kati ya kurasa za nyimbo za mazishi kulikuwa na majani matatu ya mbuni, makavu, ya rangi ya ugoro.

"Haya ni ya baba," akaniambia. "Kuna mtu nataka nimmalize nayo."

Nikavuta kiti. Habari kama hizo hazisikilizwi kwa kusimama.

Baba yake, Mzee Nathanaeli, alikuwa mzee wa kanisa na mkulima wa kahawa aliyerithi mibuni ya babu. Wakati huo Tukuswiga ana miaka tisa, na chulebuni ilikuwa imeishika Mbozi kooni. Huo ni ugonjwa wa ukungu unaoingia kwenye punje za kahawa zikiwa bado za kijani. Zinapata madoa, zinakuwa nyeusi, zinakaukia mtini kama mavi ya mbuzi. Bwana mmoja aitwaye Clement akafungua kitalu cha miche mipya, chotara isiyoshikwa na chulebuni. Wakulima wengine walisitasita. Mzee Nathanaeli aling'oa mibuni yote ya babu, akaagiza miche mia tatu, akasimama kanisani akawaalika watu waje kujifunza shambani kwake.

Mwaka wa nne mibuni ilibeba vizuri na watu wakaja kutazama. Mvua zilipokolea, punje zote zikawa nyeusi. Mzee akakata tawi moja akaenda nalo hadi kwa Clement. Clement alikuwa na wateja, hata hakulitazama lile tawi. Alimwambia mbele za watu kwamba miche yake haina kasoro, mwenye kasoro ni mkulima, na kama kahawa imemshinda akalime maboga. Basi jina likashika. Mzee Maboga. Watoto walimwita hivyo njiani, na waliokuwa wakimpa mkono kanisani walimwita hivyo akishawapa mgongo. Akaacha kwenda kanisani. Aling'oa mibuni yote mia tatu peke yake kwa jembe, akaichoma, na kabla ya msimu mwingine presha ikamwangusha uani. Alikuwa na miaka arobaini na saba.

Siku ya kuchoma, Tukuswiga alichuma majani matatu kwenye mti wa mwisho akayabana katika kitabu cha baba yake. Alikuwa na miaka kumi na minne na hakujua yatamfaa nini. Hakutaka tu kila kitu kigeuke majivu.

Aliyemsomesha baada ya hapo ni baba yake mdogo, Lusubilo, anayelima Ileje kwa wakwe zake. Huyo kahawa ilimkubali. Alisema ni mbegu za babu alizoziokoa kabla kaka yake hajang'oa, na kwamba joto la bonde lake linazikinga. Kwa kahawa hiyo alimlipia Tukuswiga sekondari, akamlipia na chuo Morogoro. Kila likizo alimketisha akamkumbusha. Soma, mwanangu, alikuwa akimwambia, baba yako yuko chini anakula udongo, Clement yuko juu anakula kuku. Mtoto aliyelelewa kwa maneno hayo miaka yote hiyo hayavui tena. Tukuswiga hakusomea vinasaba kwa sababu anavipenda. Alisomea ili siku moja yale majani yaseme.

Mimi nilimwelewa kabisa. Wapo watakaosema kisasi ni kazi ya Mungu. Ni kweli, lakini Mungu ana kazi nyingi.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, chama cha wakulima cha kijijini kwao kikatangaza mkutano. Mibuni mizee ing'olewe, ipandwe mipya, na muuzaji wa miche kwa kijiji kizima awe Clement. Tukuswiga alipopata habari hiyo hakula siku hiyo. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wetu, Yasmini, mwanamke wa Unguja mwenye udaktari wa vinasaba na uso usiocheka siku za kazi, akaomba mashine kwa siku ya Jumapili. Alimweleza yote, na majani akamwonyesha.

Yasmini aliyageuza kwa koleo dogo, akasema jani likikauka haraka na likikaa pakavu vinasaba vyake hudumu miaka mingi, kwa hiyo inawezekana. Kisha akatoa sharti lake. "Jani la baba yako na jani la Clement hayatoshi," alisema. "Lete na la mti mwingine usiohusika na ugomvi huu, tuone kama kipimo chako kinajua kutofautisha. Ukitaka kumhukumu mtu, kipimo nacho kijaribiwe. Bila hivyo hilo jibu nitalichana mwenyewe."

Mashahidi, ndivyo anavyoziita sampuli za kulinganishia. Kila kipimo pale kwetu kina mashahidi wake, mpaka kichupa cha maji matupu kinachopita hatua zote pamoja na sampuli. Maji yakitoa jibu, ujue kuna uchafu umeingia na kazi nzima inatupwa. Nimeona kazi ya siku tatu ikitupwa kwa sababu ya maji.

Kazi ya kwenda kitaluni kwa Clement nilipewa mimi, kwa kuwa hanijui. Nilivaa baibui langu jipya, nikajifanya mume wangu kanunua shamba. Clement ni mtu wa tumbo na saa kubwa. Alinizungusha, akanionyesha bustani ya miti mama, akasema miche yote aliyouza tangu afungue kitalu imetokana na vikonyo vya miti ile ile, habadilishi. Kikonyo ni kipande cha chipukizi kinachooteshwa mizizi. Mche wa kikonyo si mtoto wa mti, ni mti wenyewe umeongezwa. Nilipouliza swali la pili kuhusu mbolea akachoka nami. Akasema mbele ya vibarua wake kwamba sisi watu wa Tanga tukapande minazi, kahawa ina wenyewe. Vibarua wakacheka. Nilicheka nao, na mkono ukiwa ndani ya baibui nikanyofoa majani manne ya mti mama, moja kwa sampuli na matatu kwa hasira zangu.

Shahidi wa tatu hakututoa jasho. Tukuswiga alimpigia simu baba yake mdogo kwamba anataka jani la mbuni mzima usio na ugonjwa, wa kulinganishia, na amekumbuka ile mibuni yake ya babu. Lusubilo akalileta mwenyewe. Alipanda ngazi zetu taratibu, mzee mrefu aliyevaa koti, na tawi zima limefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa. Tulimwamkia, nikampikia chai. Alisema amechuma kwenye mti wake bora kuliko yote, ule ulio karibu na nyumba, asije akamwaibisha mwanawe mbele ya mashine. Alizitazama zile mashine akatikisa kichwa, akasema kwake yeye jani ni jani. Wakati wa kuondoka alimshika Tukuswiga kichwani.

"Mmalize yule," alimwambia. "Usimwonee huruma. Baba yako hakuonewa huruma."

Nilimpenda yule mzee. Naliandika hilo ili mjue kwamba hata mimi mwenye pua ndefu sikunusa kitu.

Jumapili ilipofika, asubuhi kulikuwa kimya isipokuwa honi za malori. Nilikuwa nimeosha vinu vitatu, nikavikausha kwenye oveni, kila jani na kinu chake. Tukuswiga alisaga jani moja la baba yake hadi likawa unga mwepesi kama wa tumbaku. Juu yake alitia maji ya chumvi yenye dawa jamii ya sabuni, akaviweka vichupa kwenye maji ya nyuzi sitini na tano, maana sabuni na joto ndivyo vinavyopasua seli na kufungua kilichomo. Akatenga uchafu kwa dawa kali chini ya feni inayonyonya mvuke, akazungusha vichupa kwenye mashine mpaka takataka zikatulia chini. Halafu akamimina spiriti ya baridi kutoka kwenye friza. Hapo ndipo ninapopapenda mimi. Kwenye majani mabichi zilijitokeza nyuzi nyeupe, nyembamba, kama utando wa buibui majini. Kwenye jani la Mzee Nathanaeli hapakuonekana kitu. Tukuswiga alikizungusha tena kichupa, akakiinua kwenye mwanga, na chini kabisa palikuwa na doa dogo jeupe. Akakiegemeza kile kichupa shavuni kwake. Sikumtania.

Kinachofuata ni mashine inayopasha na kupoza. Watu wengi waliisikia wakati wa Korona, ile ya PCR. Ikipasha, nyuzi mbili za kinasaba zinaachana. Ikipoza, vipande vidogo viitwavyo praima vinatafuta mahali pake na kushika hapo. Kisha kimeng'enya kinajaza kilichopungua. Moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, raundi thelathini na tano, mpaka kilichokuwa hakionekani kinatosha kuonekana. Tukuswiga alichagua sehemu sita za kinasaba ambazo hutofautiana urefu kati ya aina moja ya kahawa na nyingine. Miti miwili ikilingana kwenye moja, inaweza kuwa bahati. Ikilingana kwenye zote sita, ni mti mmoja.

Mwisho ni jeli, na jeli ni yangu. Naipika mpaka iwe kama maji, naimimina kwenye sinia, nabandika kitana cha kuacha vishimo, naiacha igande. Kila sampuli inatiwa kwenye kishimo chake na umeme unawashwa. Vipande vifupi vinakimbia mbele, virefu vinachelewa nyuma. Saa tisa alasiri Tukuswiga aliiweka jeli juu ya taa ya bluu, tukainama sote watatu, pamoja na Yasmini aliyekuja kuona jibu, vichwa vikigongana.

Safu ya maji matupu ilikuwa nyeusi, safi, bila mstari hata mmoja. Jani la Mzee Nathanaeli na jani la Clement hayakufanana. Kwenye sehemu sita, mistari iliachana mara tano. Miche aliyopanda yule mzee haikuwa chotara hata kidogo.

"Nimempata," alisema Tukuswiga. Alisema mara mbili, polepole, halafu akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilipiga kigelegele nikasahau kwamba ni maabara. Niliona tumbo la Clement mbele yangu, na vibarua wake, na nikasema moyoni, leo utapanda minazi wewe.

Yasmini hakucheka. Alikuwa bado ameinama. Aliweka kidole juu ya kioo, kwenye safu ya Clement, akakisogeza safu inayofuata, ile ya Ileje. Mstari kwa mstari, sehemu zote sita, jani la Lusubilo na jani la mti mama wa Clement yalikuwa sawasawa.

Mnajua alimgeukia nani? Mimi. Aliuliza kama nina hakika vinu vilioshwa. Nikawaka. Nilimwambia naosha vyombo tangu nikiwa na miaka saba, na kama anataka kunitafutia kosa atafute kwenye mshahara. Mwosha huoshwa, wanasema, lakini mimi sikubali kuoshwa kwa uchafu wa mwingine. Tukuswiga ndiye aliyenitetea. Kama kinu kingekuwa kichafu, alisema, tungeona mistari ya miti miwili imechanganyika katika safu moja. Hapa kulikuwa na mti mmoja tu.

Hata hivyo alirudia. Alirudia Jumapili iliyofuata, kwa jani la pili la kitabuni, jani jingine kutoka lile tawi la Ileje, jani jingine la Clement, na vinu vipya ambavyo Yasmini alivitoa kwenye boksi mwenyewe. Mimi niliambiwa nisiguse kitu, nikakaa mlangoni nimenuna. Jibu lilikuwa lile lile. Tukuswiga alizima taa ya bluu akabaki ameketi kwenye kigoda.

Nikamwona anaunganisha. Nani alikwenda na lori kuchukua miche mwaka ule? Baba alikuwa kitandani na malaria, akamtuma mdogo wake. Nani alirudi na viriba mia tatu jioni sana, akisema lori liliharibika njiani? Nani hakutaka kamwe waende kumsaidia kuvuna Ileje? Nani aliyemfundisha kumchukia Clement, kila likizo, mpaka asipate nafasi ya kumtazama mtu mwingine? Mtasema kikulacho ki nguoni mwako. Haya, mmeshasema, lakini mtu aliyekuvalisha hiyo nguo ukiwa uchi, unamvuaje?

Nilimuuliza atafanya nini. Alisema mkutano bado uko pale pale.

Mkutano ulifanyika Jumamosi kwenye uwanja wa ghala la chama. Nilikwenda, nisingekosa hata kwa kufukuzwa kazi. Watu walikuwa kama mia mbili, akina mama upande mmoja wamekaa kwenye kanga, wanaume kwenye mabenchi. Clement alikuwa meza kuu na saa yake. Mama yake Tukuswiga, mama Ketrina, alikaa nyuma kabisa, mahali alipozoea kukaa tangu mumewe apewe lile jina. Na benchi la mbele, katika koti lile lile, alikaa Lusubilo. Alikuwa ametoka Ileje alfajiri ili aone Clement akianguka. Alituona akatabasamu.

Mwenyekiti, Mzee Eliakim, alimpa Tukuswiga nafasi. Alisimama na karatasi moja. Alieleza kwa maneno mepesi jinsi jani linavyopimwa, akasema ameleta majani matatu. La kwanza ni la shamba la marehemu Nathanaeli, mnayemwita Mzee Maboga. Watu wakaangalia chini. La pili ni la mti mama wa Clement. Hayafanani, miche iliyopandwa shambani kwa marehemu haikutoka kitaluni kwa Clement, bila shaka ilikuwa maotea, miche inayojiotea yenyewe chini ya mibuni mizee, imetiwa ndani ya viriba vya Clement. Minong'ono ikaanza. Lusubilo alikuwa bado anatabasamu, ila sasa midomo tu.

"La tatu nililetewa na baba mdogo Lusubilo, kwa mkono wake," alisema Tukuswiga. "Alilichuma kwenye mti wake bora. Limelingana na mti wa Clement kwa kila kitu, na tumepima mara mbili. Miche mia tatu ya baba yangu iko Ileje. Imenisomesha mimi."

Wa kwanza kuamka alikuwa Clement. Alisimama amejaa kiburi, akasema si alisema yeye tangu zamani kwamba miche yake haina kasoro. Tukuswiga akamgeukia, na hapo ndipo nilipojua kwamba chuki yake ilikuwa inawatosha wawili.

"Ulisema," alimjibu. "Na kama siku ile ungelitazama lile tawi alilokuletea, wewe mwenye kitalu, ungejua papo hapo kwamba si la mti wako. Mwizi angejulikana baba akiwa hai. Hukutazama. Ulikuwa unawachekesha wateja."

Clement akakaa. Akina mama wakaanza kumzomea kwa chini, na mmoja akauliza kwa sauti kama hata maboga yake yanaaminika. Baadaye chama kiliahirisha mpango wa kununua miche kwake, na yeye mwenyewe akaahidi mbele ya wote miche mia tatu kwa mjane bila kudai chochote. Nilimwendea nikamsalimia, nikamkumbusha kwamba mimi ni yule wa minazi. Ilinipendeza sana.

Lusubilo alikuwa amesimama. Alimwendea Tukuswiga hatua mbili tatu, mikono mbele kama mtu anayetafuta ukuta gizani.

"Nilikusomesha mimi, Tukuswiga," alisema.

"Ulinisomesha vizuri, baba mdogo."

Jioni hiyo ukoo ulikaa uani kwa mama Ketrina. Lusubilo alikiri. Babu alimpa mkubwa shamba lote, yeye akapewa jembe. Siku ile lori halikuharibika. Alishusha miche ya kweli njia ya kwenda kwa wakwe zake, akachimba maotea chini ya mibuni ya watu, akayatia kwenye viriba. Alidhani kaka yake atapata hasara ya mwaka mmoja tu na wao watalingana. Kisha kaka akafa, na kinywa kikafunga. Tukuswiga alimuuliza kama ada ilikuwa toba au woga. Alisema hajui. Naamini hapo alisema kweli.

Wazee wa ukoo walitaka yaishe kimyakimya, kwa mbuzi na kupeana mikono, kama desturi. Tukuswiga alikataa, alisema baba yake hakuchekwa kimyakimya. Wakabishana, na katikati ya mabishano mama Ketrina alisema anataka mashimo. Mashimo mia tatu ya kupandia kahawa, futi mbili kila upande na futi mbili kwenda chini, kwenye shamba la mumewe lililo kando ya barabara ya kanisani. Yachimbwe na Lusubilo peke yake, mchana, watu wakipita. Mzee mmoja akasema Lusubilo anakaribia miaka sitini. Mama Ketrina akajibu kwamba mumewe naye alitakiwa aifikie.

Nilikwenda tena mwezi wa tano, Tukuswiga alipopata likizo. Tuliwakuta shambani. Lusubilo alikuwa ndani ya shimo la mia moja na kumi na nane, koti limetundikwa kwenye mti, mgongo umelowa. Mama Ketrina alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni na fimbo aliyoitia alama ya futi mbili kwa kisu. Waliokuwa wakipita kwenda kanisani walisimama, wakamwamkia mama, wakatazama shimoni, wakaendelea na njia. Hakuna aliyesema neno maboga.

Mama Ketrina alisimama akatumbukiza fimbo shimoni, akasema halijafika, arudie. Lusubilo alifuta uso kwa kiganja, akamwangalia Tukuswiga kwa macho ya mtu anayeomba. Nami nikamwangalia Tukuswiga. Nilijua ni nani aliyemnunulia viatu vya shule.

Tukuswiga akaichukua fimbo kwa mama yake. Alipiga magoti ukingoni akapima upya, pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kwa kuwa kipimo kimoja si kipimo.

"Halijafika, baba mdogo," alisema, akamrudishia mama yake fimbo.